Pasi imetengenezwa mara mbili na bado inaunguza: kosa ni la nani?

*"Nina pasi ya umeme ya wati 1000, ile ya kawaida isiyotoa mvuke. Mwaka jana ilikufa ghafla. Fundi wa hapa kwetu Bombo, Uganda, akaitengeneza kwa shilingi 15,000, ikafanya kazi wiki tatu, ikafa tena. Nikarudi, akachukua 15,000 nyingine. Sasa inawaka lakini moto wake umezidi: imeunguza sare ya mtoto hata nilipoiweka alama ya chini kabisa. Inanuka plastiki, na nikigusa chuma chake nikiwa peku inanitekenya mkono. Mume wangu anasema ni huu umeme unaokatika na kurudi ndio umeiua, bora tununue mpya ya 50,000. Pembeni nina pasi nyingine mbili zilizokufa na birika moja la umeme. Sipendi kuzidi kujaza takataka. Hii inatengenezeka, au fundi anakula tu pesa yangu?"*

Dada, kwanza ichomoe kwenye soketi na usiiwashe tena mpaka ifunguliwe. Hata kumalizia shati moja la kesho, hapana. Dalili ulizozitaja ni tatu, na kila moja peke yake ingetosha kuisimamisha.

Swali lako lina mawili ndani yake. Unauliza kama pasi inatengenezeka, na unauliza kama fundi ni mwizi. Inaelekea sana pasi inatengenezeka. Na fundi, kwa dalili hizi, pengine si mwizi. Inaonekana aliondoa kifaa cha usalama ili pasi iwake, akakurudishia kitu kinachofanya kazi na kinachoweza kuunguza nyumba. Kwa mbali siwezi kuapa, ila ukifungua utaona mwenyewe, na nitakueleza cha kutafuta.

Ndani ya pasi ya aina yako hakuna mambo mengi. Umeme unaingia kwa waya, unapita kwenye thamostati, unapita kwenye fyuzi ya joto, unafika kwenye elementi, ule waya unaotoa joto, iliyozikwa ndani ya bamba la chini, halafu unarudi. Vyote vimefuatana kama watu kwenye foleni: mmoja akikata, pasi nzima inakuwa baridi. Ndiyo maana pasi "iliyokufa" mara nyingi ina kitu kimoja tu kilichoharibika.

Thamostati ni bamba jembamba la metali mbili zilizogandishwa pamoja. Zikipata joto, moja inatanuka kuliko nyingine, bamba linajikunja na kusukuma kijiti kidogo cha kauri, kijiti kinatenganisha vidole viwili vya kupitisha umeme. Pasi ikipoa kidogo, bamba linanyooka, vidole vinagusana tena. Ile sauti ya "tik" unayoisikia ukipiga pasi ndiyo hiyo. Kitufe unachozungusha kinabadilisha tu umbali ambao bamba linatakiwa kujikunja. Alama ya nukta moja inalenga nyuzi 110 hivi, nukta mbili 150, nukta tatu 200.

Kila vidole vinapoachana, cheche ndogo inaruka kati yao. Baada ya miaka vinapata vishimo na weusi, na siku moja vinashikana, vinagandana kabisa. Hapo thamostati haikati tena na joto linapanda bila breki. Kwa siku kama hiyo ndipo palipowekwa fyuzi ya joto.

Fyuzi ya joto ni kijibomba kidogo cha chuma, chini ya nusu ya urefu wa njiti ya kiberiti, kimevalishwa soksi nyeupe ya nyuzi za kioo na kubanwa kwenye bamba. Ndani mna kidonge kinachoyeyuka kwenye joto maalumu na springi inayosubiri kuachiwa. Namba ya joto imechapwa juu yake. Kwa pasi nyingi iko kati ya 216 na 240. Kidonge kikiyeyuka, springi inafyatuka, njia inakatika, na hairudi tena. Imetengenezwa ife mara moja tu.

Sasa angalia ilivyokwenda pasi yako. Mara ya kwanza ilikufa ghafla: fyuzi ya joto ilikatika. Fundi akaweka nyingine, au akaunga kwa waya, wala hakuuliza ni nini kilichoikata ile ya kwanza. Ikafa tena baada ya wiki tatu, na hilo linanionyesha kwamba mara ya kwanza aliweka fyuzi kweli, kwa sababu waya mtupu usingekatika. Mara ya pili amechoka, akairuka, yaani akaunga waya mtupu mahali pake. Tangu hapo thamostati iliyoganda inachemsha bamba na hakuna wa kuizuia. Sare imeungua kwenye alama ya chini kwa sababu hiyo. Kuna uwezekano mwingine: kile kijiti cha kauri kimevunjika au kimedondoka pasi ilipofunguliwa. Kinaponyoka kirahisi, hakionekani kwenye meza chafu, na bila chenyewe bamba linajikunja hewani bila kusukuma chochote.

Watu wengi hufikiri fyuzi ya kwenye plagi itawaokoa. Haitawaokoa hapa. Pasi ya wati 1000 kwenye volti 240 inavuta ampea 4 na kidogo. Ikiwa inapiga nguo vizuri au inachoma meza, inavuta zilezile ampea 4. Fyuzi ya plagi na kikata umeme cha ukutani hupima mkondo, havipimi joto. Kwa macho yao kila kitu ni sawa mpaka moshi uanze.

Na hoja ya mume wako? Umeme kukatika na kurudi huua televisheni, huua friji, huua chaja. Pasi ya kawaida ni roho ngumu. Volti zikishuka hadi 200, pasi yako inatoa wati kama 700 badala ya 1000, inachelewa kupata moto, basi. Hatari ya umeme kukatika iko kwingine: mtu ameacha pasi imelala kifudifudi juu ya nguo, umeme ukaenda, akaenda zake sokoni akidhani amezima. Umeme ukirudi, hakuna mtu nyumbani. Mazoea ya kuchomoa plagi kila umeme unapokatika yanafaa kuliko kifaa chochote cha kununua.

Kutekenya ni jambo la peke yake. Maana yake umeme unavuja kwenye chuma, na waya wa ardhi, ule wa kijani na njano, haufanyi kazi yake ya kuupeleka ardhini. Kwa kuwa umetaja harufu ya plastiki, ninashuku waya uliowekwa si wa pasi. Waya wa kawaida wa plastiki umetengenezwa kuvumilia nyuzi 70. Ukigusana na bamba la pasi unalainika, mara ukaanza kuonyesha shaba. Waya wa pasi huvalishwa kitambaa kilichosukwa au mpira usioyeyuka, na ndani una nyuzi tatu. Mafundi wengine hubadilisha kwa waya wa nyuzi mbili kwa kuwa ni rahisi kupata, na hapo ardhi imeshaondoka.

Lakini pia angalia ukuta. Nyumba nyingi za kupanga, hasa "mizigo", yaani zile za chumba kimoja kimoja, zina soketi yenye matundu matatu lakini tundu la juu halikuunganishwa na kitu. Ukiona pasi mbili tofauti zinatekenya kwenye soketi moja, kosa liko kwenye nyumba. Hilo usiliguse wewe wala fundi wa redio. Mwambie mwenye nyumba alete fundi mwenye kibali cha kufunga umeme kinachotolewa na ERA, mamlaka ya kudhibiti umeme Uganda.

Kama una mikono isiyotetemeka na unaweza kuazima mita ya kupimia, ile ya kidijitali ya kawaida, unaweza kujua ugonjwa wa pasi zote tatu kwa mchana mmoja. Kupima hakuna hatari, kwa sababu kila kitu kinafanyika pasi ikiwa imechomolewa na imepoa saa nzima. Kutengeneza ni hatua nyingine, tutaifikia.

Weka mita kwenye omu (kipimo cha ukinzani wa umeme), kipimo cha 200. Gusa pini mbili za chini za plagi, kitufe cha pasi kikiwa juu kabisa. Pasi ya wati 1000 yenye afya inasoma kati ya 50 na 60. Ya wati 1200 inasoma karibu 48. Ukipata namba hiyo kwenye mojawapo ya zile mbili "zilizokufa", pasi hiyo haijafa. Tazama soketi yako. Ukiona mita inaonyesha 1 peke yake au OL, njia imekatika mahali, na fyuzi ya plagi ni mojawapo ya pa kuangalia. Kabla hujafungua chochote, tikisa waya pale unapoingia kwenye mkia wa pasi huku ukitazama mita. Namba ikijitokeza na kupotea, waya umekatika ndani ya ganda kwa kukunjwa kila siku. Huo ndio ugonjwa wa kawaida kuliko yote, na dawa yake ni kukata sentimita 10 za waya na kuunga upya.

Kufungua: skrubu moja huwa nyuma chini ya kifuniko cha mkia, nyingine mara nyingi imefichwa chini ya kitufe cha joto, ambacho hung'oka kwa kuvutwa juu. Piga picha kwa simu kabla ya kuchomoa waya wowote. Picha mbili, tatu, za pembe tofauti. Watu hudharau hatua hii halafu wanabaki na nyaya tano mkononi.

Ndani, tafuta soksi nyeupe. Ukikuta kijibomba, pima ncha zake: karibu sifuri ni nzima, OL imekufa. Ukikuta mahali pake pana kipande cha waya kilichosokotwa, jibu la swali lako la fundi umelipata. Pima thamostati ikiwa baridi: kitufe kikiwa kwenye kuzima, vidole viwe vimeachana na mita isome OL. Ikisoma sifuri kwenye kuzima, imeganda. Chungulia kama kijiti cha kauri kipo. Kwenye pasi ambazo hazina alama ya kuzima, vidole kugusana kwenye baridi ni kawaida, kwa hiyo kipimo hiki hakikwambii kitu. Hizo hupimwa zikiwa za moto, kwa hiyo mwachie fundi. Mwisho pima ncha mbili za elementi. Ikisoma OL, pasi hiyo imefika mwisho, kwa sababu elementi imemiminwa ndani ya aluminiamu na haitoki. Usimruhusu mtu akuambie ataibadilisha.

Sasa mvujo. Rudi kwenye plagi. Kati ya pini ndefu ya juu na chuma cha bamba mita isome chini ya omu 1. Hiyo ndiyo ardhi. Kisha panda kipimo cha juu kabisa, pima kati ya kila pini ya chini na bamba: isome OL. Ikikupa namba yoyote, umeme unavuja. Kumbuka tu kwamba mita ndogo inatumia betri, na mvujo mwingine hauonekani mpaka volti ziwe nyingi. Kwa pasi iliyowahi kukutekenya, mwambie fundi aipime kwa mita ya kukagua insulesheni (kile kinachozuia umeme usivuje), ya volti 500. Isipungue megaomu 1. Fundi asiyekuwa nayo si fundi mbaya, lakini kwa pasi hii mtafute aliye nayo.

Kuhusu kutengeneza mwenyewe: kubadilisha plagi na kukata waya uliokatika mkiani, ndiyo, ukiwa mwangalifu. Kusafisha vidole vya thamostati vilivyopata weusi tu, ndiyo: kipande cha msasa laini namba 600 katikati ya vidole, vuta mara tatu nne, futa vumbi. Vilivyoganda usivibandue kwa bisibisi ukadhani umepona. Vitaganda tena, kwa sababu ngozi yake ya juu imeshakwenda. Hapo thamostati inabadilishwa nzima.

Fyuzi ya joto mpe fundi, na nikwambie kwa nini mara nyingi anakosea hata akiwa na nia njema. Akiiunga kwa lehemu, joto la chuma cha kuchomelea linaikata fyuzi mpya palepale mezani. Ikinusurika, lehemu yenyewe inayeyuka karibu nyuzi 185, na ndani ya pasi joto linapita hapo kila unapopiga shati la pamba. Kiungo kinaachia. Ndiyo maana kiwandani waya za fyuzi hubanwa kwa vijibomba vya chuma kwa koleo, hazichomelewi. Tena fyuzi lazima ibanwe kwenye bamba kwa kile kibanio chake. Ikiachwa inaning'inia hewani haisikii joto, na ni sawa na kutokuwepo. Na namba irudi ileile: iliyotoka ikiwa 240, iingie 240. Ya chini itakatika kila wiki, ya juu itachelewa.

Kwa hiyo ukimpelekea fundi, sema hivi mapema, kwa upole, kabla ya bei: "Nataka fyuzi ya joto iwepo, ya namba ileile, imebanwa. Nataka thamostati ipimwe. Nirudishie vilivyotoka." Fundi mzuri hataudhika. Atakayesema "hiyo haina kazi, tunaitoaga tu" amekuokolea muda. Chukua pasi yako uende kwa mwingine. Na mlipe uchunguzi hata kama hatatengeneza. Mafundi wengi huruka vifaa kwa sababu mteja analipa tu kitu kikiwaka, na hilo nalo ni kosa letu wateja.

Pesa sasa. Umeshatoa 30,000, lakini hizo zimekwenda, usizihesabu kwenye uamuzi. Hesabu kinachotakiwa leo: waya wa pasi, fyuzi, pengine thamostati, na kazi ya mtu. Kipimo ninachokitumia ni nusu ya bei ya kitu kipya cha ubora uleule. Ikiwa kwa chini ya 25,000 utapata pasi yenye ulinzi wake wote, tengeneza. Ikizidi, au elementi imekufa, au plastiki ya ndani imeyeyuka na kupoteza umbo, iache.

Lakini wewe una pasi tatu. Ni nadra pasi tatu kufa ugonjwa mmoja. Ukishazipima utakuta, kwa mfano, moja ina elementi nzima na waya mbovu, nyingine ina waya mzuri wa kitambaa na elementi iliyokatika. Waya unahamishika bila shida ukiwa na nyuzi tatu. Plagi pia. Thamostati inahamishika tu ikiwa matundu ya kufungia na urefu wa kijiti ni sawa, vinginevyo alama za kitufe zitasema uongo. Fyuzi ya joto iliyotumika mimi singeihamisha. Nunua mpya, ni kitu kidogo.

Birika ni hadithi fupi. Likiwa linawaka lakini linazima kabla ya kuchemka, kwanza angalia ukoko mweupe chini, hasa kama mnatumia maji ya kisima. Ukoko huo unaziba joto, swichi ya chini inadhani birika limekauka na inakata. Jaza maji nusu, kamulia malimao manne, chemsha, acha nusu saa, mwaga, suuza, rudia. Lakini ukikuta kitako cha kukalia birika kimeungua au kimeyeyuka katikati, pale linapopokea umeme, usilitengeneze. Birika linavuta karibu ampea 9, na kiungo kilicholegea hapo hakirudi kuwa kigumu.

Ikibidi kununua, nunua pasi kavu isiyo na mvuke. Ya mvuke ina matundu yanayoziba na pampu inayovuja, na wengi huishia kuitumia kavu tu. Tafuta alama ya Q ya UNBS, shirika la viwango la Uganda, waya wa kitambaa, plagi ya pini tatu, na skrubu za kawaida unazoziona. Pasi iliyogundishwa bila skrubu haikusudiwi kufunguliwa na mtu. Na kama bibi aliacha pasi ya makaa ndani ya nyumba, usiipuuze kwa siku za giza: haina cha kuharibika zaidi ya bawaba na mpini wa mbao. Ila itumie barazani au uani. Makaa ndani ya chumba kilichofungwa hutoa hewa yenye sumu isiyo na harufu.

Fundi akishakurudishia pasi, ijaribu ukiwepo. Isimamishe juu ya taili au saruji, mbali na nguo, kitufe kwenye nukta moja, na utazame taa yake ndogo. Ndani ya dakika mbili, tatu inatakiwa izime yenyewe, kisha iwake, izime. Iache hivyo robo saa. Ikipita dakika tano bila taa kuzima hata mara moja, chomoa, irudi kwake palepale.

Zitakazobaki maiti, zitoe nyaya na skrubu zinazofaa uziweke kwenye kopo, halafu bamba la aluminiamu umuuzie mnunuzi wa chakavu anayepita mtaani. Ananunua kwa kilo. Tangu lundo la takataka la Kiteezi, karibu na Kampala, lilipoporomoka tarehe 10 Agosti 2024 na kufukia watu, zaidi ya 30 wakafa, hakuna haja ya kumweleza mtu wa maeneo haya takataka zinakwenda wapi. Waya uliochakaa usiuchome ili kupata shaba. Moshi wa ile plastiki ni mbaya kwa mapafu ya watoto. Uchune kwa kisu, au umuuzie yule wa chakavu kama ulivyo, na umwambie asiuchome karibu na nyumba.